Jaruba Lililobaki Kijani

Odilia mwanangu,

Mama yako yuko ndani anakunja nguo zako, anazikunjua, anazikunja tena. Mimi nimebeba kiti nimekuja kukaa huku uani, nyuma ya banda la kuku, mwanga ungali upo. Ya kujihadhari na wezi pale stesheni ya Tabora, ya kula vizuri, ya kuandika ukishafika, yote ameshakwambia na kesho atayarudia. Huko sina la kuongeza.

Nina jambo lingine. Ningeweza kukuita nikakueleza kwa mdomo, maana nakusikia hapo jikoni unacheka na wadogo zako. Nimejaribu wiki hii nzima. Juzi nilikuita kabisa, ukaja, ukakaa, nami nikakuuliza kama fundi ameshavishona viatu vyako. Ukasema ndiyo baba, ukanitazama ukingoja lingine, halafu ukanyanyuka ukaenda zako. Ndipo nikaona bora niandike.

Siku ulipopata nafasi ya chuo cha kilimo, majirani wa hapa Nsemulwa walikuja kukupongeza. Mmoja akakuuliza, kwa nini kilimo, kwa nini sio ualimu au unesi? Ukamjibu kwamba unataka kuwa kama baba yako, mtu anayelitazama jani akajua mmea una njaa ya nini. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatoka nje, nikasema nakwenda kufungia kuku, na jua lilikuwa bado liko juu. Hukuniuliza kitu, lakini niliona umeshangaa.

Mwanangu, nataka ujue kwa nini nilitoka.

Unamkumbuka Mayu Kabula. Najua unamkumbuka kwa sababu umeniuliza habari zake mara nyingi. Tulipokuwa tunakaa kule bondeni upande wa Majimoto, mama yako akienda mnadani alikuacha kwake. Ulikuwa unamwita Mayu kama Wasukuma wanavyomwita mama, ukarudi nyumbani na maneno ya Kisukuma hata sisi wazazi wako, Wafipa watupu, tukawa hatuelewi unaomba nini. Ulipokwenda bweni kidato cha kwanza, alikuletea karanga za kukaanga kwenye kibuyu. Uliporudi likizo hukumkuta. Nikakwambia amerudi kwa ndugu zake Shinyanga.

Hakurudi Shinyanga. Hakwenda kwa kupenda. Na aliyempeleka huko alikokwenda, kama nitasema bila kujificha, ni mimi.

Kijiji chenyewe unakijua, kwenye karatasi hii sitakitaja. Unajua pia jinsi Mayu alivyofika pale: alikuja na mumewe toka kaskazini, na ng'ombe wengi. Mume akafariki, ng'ombe wakaisha kwa maradhi, akabaki mjane asiye na mtoto. Mahali lilipokuwa boma la ng'ombe wake akapageuza jaruba, akawa analima mpunga pale, peke yake, kwa jembe la mkono. Jaruba lenyewe lilikuwa limeinuka kidogo kuliko ya wenzake. Shika hilo la boma, maana mimi sikulishika.

Ulikuwa mwaka ule serikali inapunguza wafanyakazi. Wewe ulikuwa mbali, hukuyaona yale. Kila siku tulisikia fulani amepunguzwa, fulani amepewa barua ya asante, mtu aliyefanya kazi maisha yake yote anapakia kitanda kwenye lori anarudi kwao. Kwetu ofisi ya kilimo tulijua zamu yetu inakuja. Mimi nilikuwa nimejenga kichwani kwamba atakayeonekana hajui kazi ndiye atakayekwenda kwanza. Kwa hiyo nilihakikisha najua. Mkulima akiniuliza kitu, jibu linatoka kabla hajamaliza swali.

Asubuhi moja Mzee Masanja akanifuata ofisini na baiskeli. Ndiye aliyekuwa na majaruba mengi kuliko wote kijijini, mtu mpole, hapendi maneno mengi.

“Bwana shamba,” akasema, “mpunga wangu unaota kutu.”

“Kutu kivipi?”

“Kutu. Kama bati bovu. Twende ukaone.”

Siku hiyo mkuu wangu wa kazi alikuwa anakuja toka Mpanda mjini, ametangaza atatukagua. Nilikuwa nimevaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vya ngozi. Nikapanda pikipiki ya ofisi, nikaenda, huku nahesabu moyoni muda wa kurudi.

Nilikuta watu wamejaa kwenye matuta ya majaruba. Na kweli, Odilia, lilikuwa jambo la kuogofya. Mpunga ulipandikizwa vizuri, ulitakiwa uwe umeshaanza kutoa machipukizi, lakini umedumaa, shina moja refu jingine fupi, na majani ya chini yamejaa madoa ya kahawia, rangi ya kutu hasa kama alivyosema mzee. Ukitazama mbali bonde lote lilionekana limeunguzwa na moto wa chini kwa chini. Moyoni nilijua kitu kimoja tu: hiki sijawahi kukiona.

Nilisimama juu ya tuta. Sikuvua viatu. Masanja mwenyewe aliingia kwenye tope, akachuma jani, akanipa mkononi.

“Mbolea mmeweka?” nikauliza.

“Yurea. Kama ulivyotufundisha.”

“Maji je?”

“Hayajakauka tangu tupandikize.”

Nikaligeuza lile jani huku na huku. Hakuna mdudu, hakuna yai la mdudu. Njaa ya naitrojeni naijua, jani la chini linapauka kuwa njano kuanzia nchani. Njaa ya fosforasi naijua, hata kwenye mahindi unaiona kwa ile zambarau yake. Hii haikufanana na mojawapo. Watu wote wananitazama mdomo. Nikasema, kwa sauti ya mtu wa serikali:

“Mbolea ipo, maji yapo, wadudu hakuna. Mpunga huu haujapungukiwa na kitu. Mimi sioni ugonjwa hapa.”

Ningeishia hapo pengine ingekuwa nafuu. Lakini nikainua macho, nikaona kwenye ukingo wa bonde jaruba moja la kijani kibichi, limesimama peke yake kama limepakwa rangi. Nikanyoosha kidole.

“Na lile mbona zuri? Maji si yale yale? Mbegu si ile ile?”

“Mbegu alichukua kwangu,” Masanja akasema polepole.

“La nani?”

“La Mayu Kabula.”

Halafu nikamsikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, “Hata mtaalamu mwenyewe anashangaa.” Nilisikia vizuri kabisa. Nikatazama saa, nikawaambia nitarudi, nikawasha pikipiki.

Swali nililouliza lilikuwa ndilo lenyewe. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Huko chuoni utafundishwa kwamba ukikuta shamba linaumwa, tafuta kwanza sehemu iliyo nzima, halafu uulize tofauti ni nini. Pale jibu lilikuwa limesimama mbele yangu, la kijani. Ningetembea hatua chache tu mpaka pale, nikamuuliza mwenye jaruba, hapa palikuwa na nini kabla ya mpunga? Angeniambia, boma. Nami ningeanza kufikiri juu ya samadi na juu ya maji yanayokauka kwenye mwinuko. Badala yake nikaliacha swali mikononi mwa watu wenye hofu, nikaenda kukaguliwa. Walilijibu wenyewe. Kitu ambacho kwangu kingekuwa dalili, kwao kikawa ushahidi.

Jioni yake wakaitana. Sikuwepo, niliambiwa. Walisema bwana shamba amepima, hakuna ugonjwa. Neno kupima sikulitumia mimi, lakini walivyoona nimegeuza jani mkononi, kwao nimepima. Walisema mpunga wa watu wote umeungua, wa mjane mmoja unastawi, na yeye mwenyewe hakai na mtu. Walisema na mengi mengine ya uchawi, ambayo sitaki yaingie kichwani mwako. Kulipokucha wakaenda kwake, wakashusha nyasi za paa lake, wakamwambia aondoke na asirudi.

Mama yako ndiye aliyeleta habari ofisini. Alikuja mbio, kitambaa cha kichwa kimeanguka mabegani.

“Wamemtoa Mayu. Yuko barabarani kwenye malori. Nenda kaseme.”

“Nikaseme nini?”

“Useme hukusema hivyo! Wote wanakutaja wewe.”

“Mambo ya mila sio ya idara ya kilimo,” nikamjibu. Mwanangu, nilisema maneno hayo kwa mama yako, nikiwa nimekaa kwenye kiti, na mkuu wangu, ambaye hajaondoka bado, yuko chumba cha pili anakunywa chai. Nilikuwa naogopa asikie kwamba kuna vurugu kijijini kwangu na chanzo chake ni mimi. “Mambo yatapoa,” nikamwambia.

Akavua kanga yake moja, akaikunja kwapani, akatoka. Baadaye nilijua kwamba alikaa na Mayu pale barabarani mpaka akapata lori la kwenda Mpanda, na kanga ile ndiyo Mayu aliyofungia vyombo vyake. Mama yako hajawahi kunisimanga kwa siku ile hata mara moja. Lakini tangu siku hiyo, nikianza kueleza kitu mbele ya watu kwa sauti yangu ile ya kujua, ananyamaza na kutazama chini. Labda umeshawahi kuliona hilo, ukajiuliza.

Sasa sikiliza lililofuata. Kwangu mimi hilo lilinitisha kuliko yote. Mvua zikakatika kidogo, majaruba yakaanza kukauka, na mpunga ukaanza kurudi. Taratibu, majani mapya yakatoka ya kijani. Mavuno hayakuwa mazuri, lakini yalipatikana. Na watu wakasema, mnaona? Tangu aondoke.

Leo najua kwa nini mpunga uliinuka, nitakueleza. Wakati ule sikujua, na nikakaa kimya. Nilifika mahali, Mungu anisamehe, nikaanza kujiuliza kama kweli. Mimi mwenye cheti ukutani. Nilikuwa nataka sana iwe kweli, kwa sababu kama ni kweli basi sikumkosea mtu.

Msimu uliofuata kutu ikarudi. Mayu hayupo, nyumba yake imekuwa kichuguu, jaruba lake limechukuliwa na mtu mwingine, na kutu imerudi, mbaya kuliko mwaka wa kwanza. Niliiona nikiwa juu ya pikipiki. Nikapita kimya.

Masanja akaja tena. Safari hii hakuja ofisini, alikuja nyumbani, akakataa kiti. Alikuwa ameoa mke wa pili, binti wa Kipimbwe, mchangamfu, mgeni pale kijijini.

“Wanamtaja mke wangu,” akasema.

Nikakirudisha kiti ukutani.

“Bwana shamba, mwaka jana ulisema huoni kitu. Na mimi nilikuwa wa kwanza kuinua mkono kwenye ule mkutano. Nilikuwa na hasira na mpunga wangu. Safari hii, tafadhali, ona kitu. Chochote.”

Nikamwambia neno ambalo sikuwahi kumwambia mkulima yeyote. Nikasema, “Mzee, sijui. Hata mwaka jana nilikuwa sijui. Nipe nafasi nitafute.”

Akakaa chini pale pale kwenye udongo, akashika kichwa. Nilidhani atanitukana. Akasema tu, “Ungesema hivyo siku ile.”

Kesho yake nilivua viatu. Niliingia jaruba baada ya jaruba, tope mpaka magotini, nikang'oa mashina nikatazama mizizi, nikafuata maji yanakotoka na yanakoishia. Pembeni, mahali maji yalipokauka, niliona ukoko mweupe juu ya udongo. Magadi. Nilikuwa nimepita juu ya ukoko huo na pikipiki miaka yote. Halafu nikaenda lilipokuwa jaruba la Mayu. Mlimaji mpya alikuwepo, akanipisha bila kunitazama usoni. Mpunga wake ulikuwa kijani vile vile. Kwake yeye hakuna aliyesema kitu.

Nikachuma majani kama nilivyofundishwa zamani nikasahau: sio lile la chini lililokwisha kufa, wala sio kichipukizi, bali jani changa la juu ambalo limemaliza kufunguka, toka mashina mengi ya jaruba moja. Ya wagonjwa peke yake, ya wazima peke yake. Nikayasuuza kwa maji safi kuondoa tope, maana tope likibaki mashine inasoma udongo badala ya jani. Nikayaanika kivulini, nikayatia kwenye karatasi, kwa sababu kwenye plastiki yanaoza. Nikachota na udongo wa pande zote mbili. Nikamkabidhi mzigo huo dereva wa basi la Sumbawanga, nikaandika barua kwa rafiki yangu niliyesoma naye, anayefanya kazi kwenye kituo cha utafiti huko mbele. Kwenye barua hiyo nilimweleza yote, hata ya Mayu.

Jibu lake lilikuja kabla ya matokeo ya maabara. Alituma kijifuko cha chumvichumvi nyeupe, akasema ni chumvi ya zinki, niijaribu bila kungoja mashine. Alieleza kwamba penye magadi, maji yakituama muda mrefu, zinki inakuwepo kwenye udongo lakini mmea hauwezi kuichukua, kama chakula kilichofungiwa kabatini. Kwenye mwinuko ambapo maji yanakauka, na penye samadi ya zamani, mmea unaipata. Maji yakipungua bondeni, unajiinua wenyewe. Nilisoma hayo nimesimama nje ya ofisi ya posta. Kila sentensi ilikuwa inamzungumzia Mayu.

Niliwaita watu wachague wenyewe jaruba, lililo baya kuliko yote. Tukaligawa kwa vijiti mbele ya macho yao. Upande mmoja tusiweke kitu, upande mwingine yurea, upande mwingine ile chumvi kidogo iliyoyeyushwa kwenye maji. Nikawaambia, “Na mimi sijui itakuwaje. Tutatazama wote.” Mke mdogo wa Masanja alikuja akasimama mbali kidogo, mikono kifuani, hapepesi macho.

Walipita pale kila siku kabla yangu. Ule wa yurea ukazidi kuungua, na hilo liliwashangaza, walikuwa wakiniamini kwa yurea. Ule ambao hatukuweka kitu ukabaki na kutu yake. Upande wa zinki, majani mapya yakatoka safi, ya kijani, na mpaka wa kijiti ukaonekana kama umechorwa. Haikuhitaji mtaalamu kuuona. Matokeo ya maabara yalipofika, yakisema jambo lile lile, hakuna hata aliyetaka kusomewa.

Binti yule alibaki kwa mumewe. Yuko mpaka leo, ana watoto.

Nikaomba mkutano. Nikasimama, nikasema kilichotokea mwaka huu ndicho kilichotokea mwaka jana. Nikasema jaruba la Mayu Kabula lilikuwa kijani kwa sababu ya boma la mumewe. Nikasema niliposema sioni ugonjwa, sikuwa nimetafuta. Nilingoja. Mzee mmoja akakohoa, akasema, “Hayo yamepita, bwana shamba. Wewe tuambie hiyo dawa inapatikana wapi.” Wengine wakaitikia, eh, inapatikana wapi. Nikawaambia inapopatikana. Masanja peke yake alikuwa ameinamisha kichwa.

Basi nikamtafuta. Haikuwa kazi. Alikuwa hapa hapa Mpanda, kwa mtoto wa dada yake, mtaa wa Shanwe. Ndiyo, Odilia. Shanwe. Baadaye tulipohamishiwa mjini tukajenga hapa Nsemulwa, umekuwa ukienda sokoni ukipita karibu na nyumba anayokaa, na mimi nikikwambia yuko Shinyanga.

Nilimkuta amekaa kizingitini anapepeta mchele wa kuuza. Amekonda. Nikasema shikamoo Mayu. Akapepeta mpaka akamaliza ungo ule, ndipo akasema marahaba.

“Mayu, nimekuja kukuambia. Haikuwa wewe. Ni udongo ulikuwa na upungufu.”

“Kwani mimi nilikuwa sijui kwamba sio mimi?”

Nikasimama na kofia yangu mkononi.

“Nimewaeleza wote, kwenye mkutano.”

“Wakasemaje?”

Nilitaka kumdanganya. Nikashindwa. “Wameuliza dawa inapatikana wapi.”

Akachota mchele mwingine akamimina kwenye ungo. “Basi mpunga umepona.”

“Umepona.”

“Vizuri.”

Nilidhani amemaliza na mimi. Nilikuwa nageuka niondoke aliposema, bila kuinua macho: “Siku ile nilikuona. Umesimama kule kwenye tuta. Ukaninyooshea kidole huku. Nikasema afadhali, bwana shamba ameona jaruba langu, sasa atakuja aniulize nimefanyaje. Nikachota maji, nikayaweka mlangoni, unawe miguu ukitoka kwenye tope.”

Nilitembea mpaka stendi ya basi sijui nimepita wapi.

Nimekwenda tena mara kadhaa. Salamu anaitikia. Nikipeleka kitu anakirudisha. Cha mama yako anapokea. Sijawahi kuomba msamaha kwa neno lenyewe. Kila nikifika pale naona nikimuomba nitakuwa nimemtwika kazi nyingine, ya kunipunguzia mimi mzigo. Labda ni kweli, labda ni woga tu nimeupa jina zuri. Sijui.

Wewe unakwenda kusoma. Watakufundisha kuusoma mmea kwa macho, kwa maabara, kwa kugawa shamba na kulinganisha, na utayajua hayo kuliko mimi kabla mwaka haujaisha. Nafurahi kwa hilo, sikufichi. Lakini sidhani kama kuna atakayekufundisha uzito wa maneno ya mtu aliyeshuka kwenye pikipiki ya serikali. Unasema “sioni kitu” ukiwa na maana umechoka, ukiwa na maana una safari, na nyuma yako watu wanakwenda kushusha paa la mtu. Mimi nilidhani nikisema sijui nitapoteza kazi. Kazi sikuipoteza. Orodha ilipotoka jina langu halikuwemo, na waliopunguzwa walikuwemo watu wazuri kunizidi.

Nilikudanganya kwa sababu mbili. Ya kwanza niliyojiambia ni kwamba wewe ni mtoto. Ya pili ndiyo ya kweli: nilijua ukikutana naye atakueleza kabla yangu, na nilipenda unavyonitazama. Uliposema yale mbele ya majirani, nikaona nimekuacha umpende mtu ambaye hayupo.

Aliniuliza habari zako mara moja tu, mwaka jana. “Yule mtoto wa karanga, amekua?” Nikasema amekua, Mayu. Akasema, “Haya.” Sikumwambia kwamba na wewe unamuuliza. Hilo nalo niongeze kwenye makosa yangu.

Treni inaondoka mchana, kwa hiyo asubuhi yote ni yako. Ukitaka kumuona nitakupeleka. Sijamwambia, na sijui kama atatufungulia. Ukitaka uende na mama yako badala yangu, nendeni, sitauliza mlizungumza nini. Ukitaka uende peke yako, nyumba iko nyuma ya mashine ya kukoboa, uliza Mayu anayeuza mchele, kila mtu anamjua. Na kama hutataka kunisemesha kabla ya safari, pia ni haki yako. Mizigo yako nitaibeba mpaka stesheni hata hivyo.

Nakuwekea barua hii chini ya sahani yako ya chai. Isome kabla hujaniamkia, ili ukiniamkia, uwe unajua unamwamkia nani.

Baba yako